Swaleh, Kidude cha Mama Hakikukataa

Swaleh ndugu yangu,

Mama amefariki. Nimeanza na hilo kwa sababu nilijaribu kulizunguka nikashindwa. Niliandika salamu, nikaandika habari za kazi, nikaandika jinsi mvua ilivyotuvamia mwaka huu, na kila mara mkono ulifika pale pale ukakwama. Basi nimeshakwambia. Mama yako, Bi Rukia, aliyenifanya mwanawe bila kuniuliza, alifariki Alhamisi alasiri, chumbani mwake, kitandani mwake. Ijumaa baada ya sala tukamzika.

Sijui huko uliko kama habari hii imeshakufikia. Masheikh wenu wana lao na mchungaji wetu ana lake. Pengine mmeshaonana wewe na Mama, na mnanishangaa. Ninachojua mimi ni kwamba nimekaa mezani pako, juu ghorofani, dirisha liko wazi, kelele za mtaa wa Kuze zinapanda kama kawaida, na sina mtu wa kumwambia. Dada yako Maryam yuko chini na wanawake waliokuja matangani. Amelia mpaka sauti imemkauka. Siwezi kumtwisha na yangu.

Kuna neno lilisemwa juzi ambalo limenichoma. Ami yako Said alisema barazani, mbele za watu, kwamba kidude chetu kilikataa. "Kile kidude cha Swaleh na rafiki yake. Kingelia, Rukia angekuwa hai." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetafuta mahali pa kuuweka uchungu wake. Lakini watu walinigeukia, nami nikaangalia viatu vyangu. Jibu ninalo, ila ni refu, na wewe peke yako ndiye ungelielewa tangu mwanzo hadi mwisho.

Siku ya kwanza uliponileta kwenu tulikuwa wageni chuoni, pale karibu na Buxton. Mimi mtoto wa Tononoka, baba fundi wa reli aliyetoka Machakos, nyumbani tunasema Kikamba na Kiswahili cha shule. Mama alinitazama mlangoni akasema, "Ndoo, mwanangu." Nikaangaza macho kutafuta ndoo. Nikaiona moja ya plastiki chini ya ngazi, nikaibeba, nikampelekea. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Yeye hakucheka. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, akaniketisha, akaniletea mahamri na mbaazi. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba kwenu "ndoo" ni "njoo", na kwamba aliipokea ile ndoo ili nisione haya.

Wakati ule alikuwa bado akipika mahamri ya kuuza, kwa kuni, katika kile chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Moshi ule ndio uliomla mapafu. Daktari alipoamuru awekewe mashine ya oksijeni nyumbani, ile inayovuta hewa ya chumbani na kuichuja, tulidhani mambo yamekwisha. Hakuna aliyefikiria stima. Stima za Mji wa Kale zikipotea haziagi mtu, na mashine ile bila stima ni kabati tu lenye magurudumu.

Ndipo ukatengeneza kidude. Chipu ndogo kuliko ukucha, laini ya simu, betri na king'ora, vyote ndani ya kopo la biskuti. Stima ikikatika, au hewa ikipungua kwenye mpira wa puani, kipige kelele na kutuma ujumbe kwa simu yako na ya Maryam, ili mtu apande haraka kumhamishia Mama kwenye mtungi wa akiba. Programu yake tuliiandika pamoja kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, kama tulivyofundishwa. Kilifanya kazi vizuri tukajisifu.

Halafu siku moja kampuni ya simu ikatuma tangazo kwenye ile laini. Ujumbe ulikuwa mrefu kuliko nafasi tuliyoutengea katika kumbukumbu ya chipu. C haikusema neno. Iliyaacha maneno yakamwagika nje ya nafasi yake, yakaifunika nafasi ya jirani, na hapo jirani ndipo palipokuwa na kazi ya kuamsha king'ora. Taa ya kijani ikaendelea kuwaka kama kawaida. Mchana ule stima zilipotea, kidude kikakaa kimya, na Maryam aliporudi kutoka sokoni alimkuta Mama midomo imegeuka rangi.

Alipona. Wewe ndiye uliyebadilika. Tulipogundua sababu uliinuka mezani, ukaenda kusimama dirishani, ukanipa mgongo. "Tangazo la bando, Mutua," ulisema. "Mama yangu nusura auawe na tangazo la bando."

Hukutaka kuziba pale palipovuja tu. Ulisema tunaandika upya, kwa Rust. Nilibisha. Nilisema lugha yenyewe ni mpya, vitabu vya chuoni havikuitaja, na kosa tumeshalijua, tulirekebishe tuendelee. Ukanieleza kwa ule upole wako unaoudhi. Lugha hii haikubali kitu kisicho na mwenyewe. Kila kipande cha kumbukumbu kina mwenye nacho mmoja, na mwingine akikitaka ataazima na atarudisha. Ile programu inayosoma tulichoandika kabla hakijaingia kwenye chipu, tuliyoizoea kwa jina la kompaila, inakagua kila aliyeazima. Na ukizidisha maneno juu ya nafasi yake, kama kompaila haikukuona mapema, chipu yenyewe itasimama, ipige kelele na kuanza upya. Haitaendelea kuwasha taa ya kijani kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mama alikuwa akisikiliza kitandani. Akauliza Rust maana yake nini, ukamwambia ni kutu. "Kutu?" akasema. "Kisiwa kizima chaliwa na kutu, nawe wataka kuniletea chumbani?" Akacheka mpaka akakohoa, ukambadilishia mto.

Miezi ile ilikuwa ya kukataliwa. Tunaandika, kompaila inakataa. Tunarekebisha, inakataa kwa sababu nyingine. Mimi nilikuwa nikikasirika nateremka kwenda kunywa kahawa. Nikirudi nakukuta umeinamia pale pale, unausoma ule ujumbe wa makosa kama mtu anayesoma barua ya mpenzi. Siku niliyosema nimechoka kukataliwa na mashine, hukuinua hata kichwa. "Afadhali inikatalie mimi hapa mezani," ulisema, "kuliko imkatalie Mama kule chumbani."

Na hakikumkatalia tena. Kila stima zilipopotea kililia. Mama akawa anakiita mjukuu wake. "Maryam, panda, mjukuu wangu alia." Kisha anakugeukia wewe: "Wenzio wazaa watoto, wewe wazaa vidude." Ukataka kukiongezea kile kibano cha kidoleni, kinachopima kama hewa inafika kwenye damu, ili kidude kimlinde yeye mwenyewe pia, kisiilinde mashine peke yake. Ukakitengeneza, kikafanya kazi. Mama alikivaa siku moja akakivua. "Kidole hiki cha tasbihi," alisema. Ukajaribu kidole kingine, akasema hicho nacho ni cha tasbihi. Hukumlazimisha. Ulikiweka kwenye droo ukasema utamwomba tena atakapokuwa na moyo mkunjufu.

Mimi nikapata kazi Nairobi nikaondoka. Hayo unayajua. Yanayofuata huyajui, au labda unayajua kuliko mimi.

Maryam alinipigia asubuhi. Alisema lori limekugonga ukiwa kwenye bodaboda, ukirudi kisiwani, na kwamba hukufika hospitali. Nilisikia maneno lakini sikuyapokea. Nikawaza kama watu wa kwetu wanavyowaza: mwili utakaa mochari, tutakutana, tutapanga, nitapata siku za kukusindikiza. Nikaomba ruhusa kazini bila haraka. Nilikaa hata nikapiga pasi shati jeusi. Nilipofika Mombasa magharibi ilikuwa inaingia na wewe ulikuwa umeshazikwa tangu alasiri. Nilijua, Swaleh. Nimekaa nanyi miaka yote hiyo, nimeona maziko mangapi. Lakini ilipokuwa zamu yako akili yangu ilirudi kwetu, ikanidanganya kwamba bado kuna muda.

Sikukuona. Sikukubeba. Mama aliniona nimesimama mlangoni na mfuko wangu, akaniambia, "Ndoo." Safari hii nilielewa. Nikapiga magoti kando ya kitanda chake, akaweka mkono juu ya kichwa changu. Mashine ilikuwa inavuta hewa, inatoa hewa.

Nikaacha kazi ya Nairobi. Nikapata nyingine huku, ya kukarabati mizani ya malori, kazi isiyohitaji mawazo. Jioni napita kwenu. Mama alikuwa ameiweka simu yako kabatini, na kila siku alimwambia Maryam aichaji. Hakutaka izimwe. Basi kila stima zilipopotea kidude kililia, simu ya Maryam ikaita, halafu na yako ikaita mle kabatini, katikati ya nguo zako. Mara ya kwanza Mama alijaribu kuinuka aende kuipokea. Mpira ukamchomoka puani. Maryam akanivuta pembeni, akaniomba niitoe namba yako.

Nikafungua programu yako. Sikuwa nimeisoma tangu niondoke. Ulikuwa umeisafisha, umeipanga vyumba vyumba kama nyumba ya mtu nadhifu, na pembeni mwa mistari umeandika maelezo kwa Kiswahili. Mahali pamoja uliandika: "Hapa Mutua atauliza kwa nini. Asubiri, jibu liko mbele." Nilitazama neno lile "asubiri" mpaka macho yakanichonyota.

Nikaifikia orodha ya namba. Yako na ya Maryam. Nikafuta yako, nikaiambia kompaila isome. Ikakataa. Iliandika, kwa lugha yake kavu, kwamba ilitarajia namba mbili, imepata moja. Ulikuwa umeamua hivyo tangu juu kabisa, kwamba orodha ile lazima iwe na watu wawili, ili kidude kisije kikabaki na mtu mmoja wa kumwita. Ilikuwa imesema tu kilichokuwa kweli. Nilifunga kompyuta, nikatembea mpaka ufukweni Mama Ngina, nikakaa kwenye ukuta kati ya watu wanaokula mihogo ya kukaanga na watoto wanaolilia juisi, nikalia kama mtu asiye na kwao. Hakuna aliyeniuliza. Nilishukuru.

Kesho yake niliweka namba yangu pale ilipokuwa yako. Ikakubali mara moja. Sikufurahi, Swaleh. Sijawahi kuchukia kukubaliwa kama siku ile.

Tangu hapo Mama hakuwa tena yule. Alikula ili kuniridhisha mimi, si kwa njaa. Aliacha kukiita kidude mjukuu. Kilipolia alisema tu, "Hicho kinalia," kama kitu cha watu wengine. Nilimwomba avae kibano cha kidoleni. Nilimwomba zaidi ya mara moja, Maryam akamwomba, hata Ami Said alimwomba. Akasema vidole vyake sasa vina kazi kubwa zaidi kuliko zamani, maana ana mtoto wa kumwombea. Ungemjibu nini? Mimi nilikirudisha kwenye droo.

Alhamisi Maryam alikuwa chini akiwafulia wanawe. Nilikuwa kazini. Simu yangu haikuita. King'ora hakikulia. Maryam alipanda na chai ya tangawizi, akamkuta Mama amelala ubavu, uso ameuelekeza kibla, tasbihi imemponyoka ikaanguka kwenye shuka. Mpira ulikuwa puani. Mashine ilikuwa inanguruma. Taa ya kijani ilikuwa inawaka, na safari hii ilikuwa inasema kweli. Maryam alinipigia, nikafika huku natweta, nikaweka kiganja kwenye mpira. Hewa ilikuwa inatoka vizuri, ya baridi, kama inavyotakiwa. Nilikitazama kidude chako, nikakibonyeza kitufe cha kujaribia, kikalia mara moja, nyumba nzima ikasikia. Maryam akaniambia, "Kizime, Mutua. Tafadhali."

Hakikukataa. Hilo ndilo jibu. Kilikuwa kimya kwa sababu stima zilikuwapo na hewa ilikuwapo. Yeye ndiye aliyeacha kuivuta. Tulihakikisha hakuna herufi moja itakayokaa mahali si pake. Tuliziba kila tundu ambalo lugha yoyote ingeweza kulivujisha. Na mauti hayakupitia hata tundu moja kati ya hayo. Yaliingia mlangoni, mchana kweupe, yakamkuta mwanamke aliyechoka.

Daktari alisema hata kibano kingemjulisha Maryam dakika chache mapema tu, na kwamba mapafu yalikuwa yameisha. Labda. Nimelikubali kwa kichwa.

Ijumaa walipomaliza kumkosha na kumvisha sanda, nilisimama nyuma kabisa ya wanaume, kwa sababu sikujua mahali pangu. Maryam akaja mpaka kizingitini, leso kichwani, macho mekundu. "Wewe utakwenda," aliniambia. "Mimi siendi makaburini. Ukaone alipowekwa, uje unambie." Nikawafuata. Njiani, jeneza likipokewa bega kwa bega, mtu mmoja alinisukuma mbele kwa mgongo wa mkono, na bega langu likawa chini ya Mama yako. Alikuwa mwepesi sana. Nilidhani nimekosea kushika.

Amewekwa si mbali nawe. Nilikuona, basi, kwa mara ya kwanza katika mwangaza wa mchana: kifusi kimeshuka, majani yameota upande mmoja. Wakati wao wakisoma dua nami nikiwa sijui maneno, nilisimama katikati yenu wawili. Nilirudi nikamweleza Maryam kila kitu, udongo ulivyokuwa, nani alishuka kaburini, umbali kati yako na yeye. Alinifanya nirudie.

Leo asubuhi nilimwendea Ami Said. Alikuwa peke yake barazani. Nikamwambia, "Shikamoo Ami. Kidude hakikukataa. Stima zilikuwapo, na hewa ilikuwa inatoka. Maryam aliiona, na mimi niliishika kwa mkono huu." Nilidhani atabisha. Akasema, "Najua, mwanangu. Maryam kanambia." Kisha akasema, "Sasa nimlaumu nani mimi?" Nikakaa kando yake. Sikuwa na mtu wa kumtajia. Hata mimi namtafuta huyo huyo.

Maryam ameichomoa mashine. Hospitali itaichukua. Kidude ameniambia nikiondoe mwenyewe, hataki mkono mwingine. Nimekishusha ukutani, kiko mbele yangu hapa, betri nimeitoa. Chumba kina ukimya ambao hatujawahi kuusikia miaka hii yote. Sijui watu hukaaje ndani ya nyumba iliyonyamaza hivi. Sijui kama nitawahi kukaa tena mezani kuandika programu yoyote. Nikiiwaza kompaila tu, nasikia uchovu kwenye mifupa.

Bado jambo moja. Wakati naandika haya simu imeita. Mwanamke wa Changamwe, ng'ambo ya kisiwa, namba yangu kapewa na Maryam. Baba yake ni karani mstaafu wa bandarini, naye yuko kwenye oksijeni. Kasema taa ya kidude chao imeanza kumeta nyekundu, betri inakwisha. Nikamuuliza kidude gani. Akasema kile ambacho marehemu aliwafungia, siku ile ile, akanywa maji, akaaga, akapanda bodaboda.

Hakuna aliyekuwa amenambia ulikuwa unatoka wapi. Nilikuwa nimedhani umekwenda matembezini. Tangu siku ile kidude hicho kimekuwa kinalia na kunyamaza, kinalia na kunyamaza, na mzee wa watu anaamka kila asubuhi, na sisi huku hatukuwa na habari.

Sitakuahidi kwamba nitapona. Sitakuahidi kwamba nitaiendeleza kazi yako, wala kwamba nitaacha kuuliza maswali yasiyo na wa kuyajibu. Ninachokuahidi ni kidogo. Nimemwambia yule mwanamke kwamba nitafika kesho kabla ya adhuhuri na betri mpya. Nitapita barabara ile. Nitakaa na baba yake mpaka nihakikishe king'ora kinasikika kutoka jikoni, na nitaweka namba yangu.

Mungu awarehemu wewe na Mama, kwa dua za kwenu nilizozisikia na kwa sala za kwetu ninazozijua. Mshike mkono huko, hapendi kutembea peke yake. Nami nikiitwa, nitakuja.

Ndugu yako,
Mutua